Saa Saba za Baba

Nyumbani kwetu jiko haliwashwi mtu wetu akiwa safarini. Akitoka tu na begi lake, Mama anazima moto, anafunika masufuria, na sote tunakaa na matumbo yetu mpaka msafiri apige simu aseme amefika. Kuagiza chakula nje hakuruhusiwi. Baba alishatoa hukumu kwamba moto wa jirani ni moto vilevile. Mkate mkavu uliwahi kujadiliwa kwa nusu saa, ukashindwa.

Sheria ni ya Baba. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mtunza ratiba wa stendi kuu ya mabasi, na kule walimwita Bwana Dakika. Hakuna basi lililotoka bila yeye kutazama saa yake, kuandika kwenye daftari na kupuliza filimbi. Asubuhi moja, mimi sijazaliwa, alilipulizia filimbi basi la kwenda mpakani, kondakta akiwa mdogo wake wa tumbo moja, kisha akaenda kukaa kantini. Tonge la kwanza lilikuwa mdomoni alipokuja mtu kumwambia basi limeingia mtoni. Wanasema Baba alilitema lile tonge kiganjani akakaa nalo mpaka jioni. Kwa hiyo sheria yake tunailalamikia sana, lakini hatuicheki.

Tatizo ni kwamba ilitungwa kwa ajili ya mabasi. Nami nilikuwa na posa.

Mchumba wangu ni fundi wa lifti, mtu mpole, mikono yake inanukia grisi hata siku za mapumziko. Baba alipoambiwa kazi yake alifikiri kwa muda, akasema, "Kupanda na kushuka siku nzima bila kufika popote." Lakini hakukataa. Alisema waje waseme lililowaleta.

Walikuja mara ya kwanza, binamu yangu akiwa ndani ya basi lililoharibika porini. Wakakaa sebuleni kutwa nzima mbele ya jagi la maji. Wakaja mara ya pili. Siku hiyo kaka yangu alikuwa ameshafika alikokwenda tangu asubuhi, ila simu yake ilizimika na yeye akajilalia zake. Jagi lilelile. Mama yake mchumba wangu ni mkunga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, na alipokuwa anavaa viatu mlangoni alimwambia mwanawe, sisi tukisikia vizuri kama alivyotaka tusikie:

"Mwanangu, wako watu wanakataa kwa mdomo, na hawa wanakataa kwa jiko. Nikija mara ya tatu nikute jiko baridi, nitakuwa nimejibiwa. Utatafuta kwingine."

Mara ya tatu ikapangwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Na Jumamosi hiyohiyo, saa moja asubuhi, Shangazi alikuwa anapanda ndege kwenda kwa mwanawe, ng'ambo ya mbali kabisa. Hakukuwa na kiti kingine mpaka mwezi uliofuata. Najua kwa sababu kiti nilikitafuta mimi. Kazi yangu ni kukata tiketi za ndege katika ofisi ya wakala wa safari, meza ya pili kutoka mlangoni, chini ya feni inayopeperusha karatasi za wateja wote lakini haikaushi jasho langu.

Jumanne nilirudi na tiketi imechapishwa. Baba akavaa miwani, akaisoma kama mtu anayesoma hati ya shamba.

"Kuondoka saa moja asubuhi. Kufika saa nane mchana." Akachukua kalamu. "Nane toa moja, saba. Mwendo wa saa saba."

"Baba, hiyo saa nane ni ya kule," nikasema.

"Saa nane ni saa nane."

"Kule wako nyuma yetu kwa saa kumi. Sisi tukinywa chai ya saa moja asubuhi, kwao ni saa tatu usiku wa jana."

Baba akanitazama juu ya miwani. "Wa jana?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo shangazi yako akinipigia simu kutoka jana, mimi naipokea leo?"

Mama aliyekuwa anakunja nguo aliangua kicheko akajificha nyuma ya shuka.

"Binti," Baba akasema, "nimetoa mabasi ya mashariki, nimetoa ya magharibi. Yako yaliyofika yamechelewa, yako yaliyofika bila vioo. Sijaona basi likafika jana." Akaikunja tiketi. "Imekaa vizuri sana. Saa nane anatua. Saa nane na dakika tano anapiga simu. Saa nane na dakika sita, mama yako anawasha jiko. Wageni saa kumi. Safari hii nitamshibisha yule mkunga mpaka ashindwe kufunga viatu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema tena. Nikafungua mdomo, nikapiga hesabu moyoni: kilomita elfu kumi na nne na mia sita, ndege moja bila kutua, mwendo wa saa kumi na saba. Ukiondoka saa moja asubuhi unafika saa sita usiku, saa za hapa. Nikishinda ubishi huu, jiko halitawashwa Jumamosi. Nikishindwa, litawashwa.

Nikafunga mdomo. Sijawahi kushindwa ubishi kwa furaha namna ile.

Ila bado ilibaki simu ya saa nane.

Jumamosi alfajiri nilimsindikiza Shangazi uwanjani. Ni dada mkubwa wa Baba, mwanamke wa maneno mengi na mikoba mingi zaidi, na ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Nilimvuta mpaka choo cha wanawake, nikamweleza yote kwa sauti ya chini: posa, jiko, saa saba za Baba. Nikamwomba anirekodie maneno mawili tu kwenye simu yangu, "Nimefika salama," nami nitayatoa saa nane.

Nilidhani atanigombeza. Macho yalimwaka.

"Kumdanganya Dakika? Mimi? Mwanangu, tangu tuko wadogo ananihesabia muda wa kuoga. Lete hiyo simu."

Mara ya kwanza alisema, "Kaka, nimefika salama, na rubani amenipa mkono, akasema hajawahi kubeba mama mtulivu kama mimi..."

"Shangazi, umefika tu. Basi."

Mara ya pili alianza kulia. "Kaka, laiti ungeuona mji huu, maghorofa yake, taa zake..."

"Hujaona taa yoyote, Shangazi. Tuko chooni."

Mwanamke mmoja aliyekuwa ananawa mikono pembeni alituangalia, akaondoka bila kufunga bomba.

Mara ya tatu ikatoka safi: "Kaka, nimefika salama. Mizigo yote imefika. Nimechoka, nitapiga baadaye." Nikaisikiliza, nikamkumbatia. Alipokuwa anapanga mikoba yake begani akasema, kwa sauti ileile ya mzaha, "Ukisikia nimeanguka, hiyo ifute."

"Shangazi!"

"Natania." Akanibana shavu, akaenda zake kwenye mstari wa ukaguzi, na hapo hapo akaanza kubishana na askari kuhusu chupa ya mafuta.

Natania, alisema. Lakini nilirudi nyumbani neno lile likiwa bado masikioni. Nilideki sebule mara mbili.

Kuanzia saa saba na nusu Baba alikaa mezani, saa yake ya mkono ameivua ameiweka mbele yake. Mama alisimama karibu na jiko, kiberiti mkononi. Kuku walikuwa wamekatwa, mchele umeoshwa, vitunguu vimemenywa, kila kitu kibichi na kimejipanga kama wanafunzi wanaongoja kengele. Mimi nilikuwa chumbani na simu.

Na hapa ndipo niliponogewa na uongo wangu mwenyewe. Ningeweza kungoja robo saa. Mtu yeyote anayeshuka kwenye ndege hachukui chini ya hapo. Lakini nilimjua baba yangu, nikataka kumpa kitu cha kumfurahisha. Saa nane ilipogonga tu, nikatoka mbio.

"Baba! Shangazi ametuma sauti!"

Akaisikiliza akiwa amesimama. Akaisikiliza tena. Akatazama saa.

"Saa nane kamili," akasema polepole, kama anayeonja asali. "Kamili! Hata sekunde haikupotea. Huyo rubani ningekuwa bado kazini ningempa basi la kwangu." Akapangusa jicho kwa kidole gumba, akajifanya ni vumbi. "Mama, washa."

Kiberiti kilishawaka zamani.

Wageni walifika saa kumi kasoro dakika tatu, na hilo lilimpendeza Baba. Mchumba wangu alivaa suti iliyomkaba mabega, akamsalimia Baba kwa kuinama sana. Nyuma yake mama yake, Mkunga. Nyuma ya Mkunga alikuwa mtu ambaye sikumtarajia: babu yao mdogo ndiye aliyekuwa msemaji, lakini goti lilimuuma, kwa hiyo aliletwa mjomba, mtu mrefu mwenye mabega mapana kama kabati, aliyekaa kwenye kiti chetu cha mapambo kikalalamika.

Mkunga hakukaa. Aliomba kunawa mikono. Njia ya bafuni kwetu haipiti jikoni, lakini yeye aliipitisha huko. Nilimwona akigusa mfuniko wa sufuria kwa kidole, akakivuta haraka.

"Moto," akajisemea, ameridhika kabisa.

Wakakubaliana kwamba mazungumzo yasiyo na haraka huanza na chakula. Mama akapakua. Kwa dakika kumi hakuna aliyesema kitu cha maana. Mjomba alikuwa anakula kama mtu anayepakia lori: kila kitu mahali pake, hakuna nafasi inayopotea. Nami nilianza kupumua. Mchumba wangu alinitazama upande wa pili wa meza, akatabasamu kidogo. Nikatabasamu kidogo. Laiti Baba angetulia na kuku wake, hadithi ingeishia hapo.

"Leo nimefurahi mara mbili," Baba akasema, akikanda tonge. "Nyinyi mmefika kwa wakati. Na dada yangu amefika kwa wakati. Ng'ambo kabisa! Saa saba tu."

"Hongera, mzee," akasema Mjomba. "Alipanda ipi?"

Baba akamtajia, ya saa moja asubuhi.

"Ah, hiyo!" Mjomba akachangamka, akamung'unya mfupa. "Hiyo nimeipakia mimi mwenyewe leo. Mimi ni mpakia mizigo pale uwanjani, mwaka wa tisa huu. Kuna mama alikuwa na mikoba, jamani, nilidhani anahamisha ukoo."

Nikasogeza sahani yangu pembeni.

"Ndiye huyo!" Baba akacheka. "Dada yangu ndiye huyo."

"Sasa amefikaje, mzee? Hiyo inatua usiku wa hapa. Ni mwendo wa saa kumi na saba."

"Saba," akasema Baba.

"Kumi na saba."

"Hayo ni mambo ya binti yangu. Na yeye ana jana na leo zake." Akatoa simu yangu chini ya sahani yake, maana hakuwa ameirudisha tangu saa nane, akabonyeza. Sauti ya Shangazi ikajaa sebuleni: amefika salama, mizigo yote imefika. "Umesikia? Saa nane kamili."

Mjomba akainua mabega yake mapana. Hakuwa mtu wa ugomvi, alikuwa mtu wa kula. "Basi labda wamebadilisha injini. Nashangaa tu, maana hata kuruka ilichelewa. Mlango wa mizigo uligoma kufunga, tukahangaika nao dakika arobaini."

Mkono wa Baba ukasimama njiani kurudi sahanini. Tonge lilikuwa limeshaingia, lilikuwa shavuni.

"Ilichelewa?"

"Dakika arobaini."

"Iliruka saa ngapi?"

"Saa moja na dakika arobaini. Nimesaini mwenyewe."

Sikiliza, mtu mwingine angebishana juu ya saa saba na saa kumi na saba mpaka kesho. Baba yangu hakuwa na haja. Basi likitoka limechelewa dakika arobaini, haliwezi kufika bila kupoteza hata sekunde. Hilo alilijua kuliko alivyolijua jina lake. Akageuka taratibu, akanitazama.

"Kilomita ngapi?" akauliza. Sauti ilipita kando ya tonge.

"Elfu kumi na nne na mia sita, Baba."

Akachukua kalamu mfukoni, akavuta karatasi ya kupangusia mikono, akagawa. Wote tukamtazama anavyogawa. "Kwa saba, elfu mbili na themanini na tano kwa saa," akasema. "Kuna ndege ya abiria ya namna hiyo?"

"Hakuna, mzee," akasema Mjomba kwa upole.

Akagawa tena. "Kwa kumi na saba, mia nane hamsini na nane."

"Huo ndio mwendo wake."

Baba akaweka kalamu chini. Kisha akainamisha kichwa, akalitoa lile tonge mdomoni, akaliweka kiganjani, akafunga vidole juu yake.

"Dada yangu yuko wapi?" akaniuliza.

Nimewahi kuwajibu wateja waliokosa ndege, waliopoteza pasipoti, mmoja aliyempeleka mama mkwe kwenye nchi ambayo si yenyewe. Sijawahi kupata shida ya kujibu kama siku ile.

"Yuko hewani, Baba. Nilimrekodi asubuhi, kabla hajaondoka. Atatua saa sita na dakika arobaini usiku." Nikavuta pumzi. "Nilikwambia Jumanne. Ukanicheka. Nikaona nikisema tena, jiko litafungwa, na mama huyu ataondoka mara ya tatu na sitaolewa. Nikanyamaza. Tena juu ya kunyamaza nikakutengenezea uongo. Nisamehe."

"Umenilisha," Baba akasema, "dada yangu yuko hewani."

Hata Mjomba aliacha kutafuna.

"Funika masufuria," Baba akamwambia Mama.

Mama akainuka. Hakufika popote, kwa sababu Mkunga aliweka kiganja chake juu ya bakuli la kuku, imara, kama anayezuia mtu asiinuke kitandani kabla ya wakati.

"Hakifunikwi kitu," akasema.

"Bibie, hii ni nyumba yangu."

"Ni yako, na mimi ni mgeni wako kwa mara ya tatu, na mara mbili nimekunywa maji. Nieleze, mzee. Hilo tonge mkononi linamshikia nani ndege?"

Nilifumba macho. Baba hakujibu kwa hasira. Alimweleza, kwa maneno machache kuliko ninayotumia mimi hapa: stendi, filimbi, mdogo wake, mto. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akieleza mwenyewe. Siku zote tuliambiwa na Mama. Alipomaliza, Mkunga hakutoa mkono juu ya bakuli, lakini sauti yake ilishuka.

"Pole, mzee wangu. Sikujua. Mimi nilidhani mnatuchezea." Akavuta pumzi. "Nimezalisha miaka ishirini na sita. Kila mtoto nimemngoja. Wako waliochukua saa mbili, wako waliochukua siku na nusu, wakiniacha sina nguo isiyo na jasho. Na si wote waliofika. Ningekuwa sili mpaka mtoto afike, mwaka wa kwanza tu ningemwangukia mzazi. Unajua tunafanyaje? Mmoja anakaa na mzazi. Hali, hageuki, hachezei simu. Wengine wanakwenda kula. Kisha wanabadilishana. Mzazi haachwi peke yake hata dakika moja."

Baba aliinua kichwa. "Kwa zamu?"

"Kwa zamu."

"Zinaandikwa?"

"Ukutani. Kwa saa na dakika."

Ungemwona Baba. Alikaa wima kama mtu aliyesikia honi ya gari analolijua. "Na anayeingia zamu anapokea kutoka kwa anayetoka? Hakuna pengo?"

"Pengo la nini? Anayetoka hainuki mpaka anayeingia amekaa."

"Sisi pia ilikuwa hivyo," akasema Baba. "Stendi. Hivyohivyo." Kisha akakunja uso tena. "Lakini ndege nitaikalia vipi? Mzazi yuko hapo kitandani unamwona."

Nikaona mlango umefunguka upana wa unywele, nikajipenyeza. "Baba, naweza kukuonyesha. Kazini tunaziangalia." Nikachukua simu, nikafungua ramani, nikaiweka mbele yake. Katikati ya bahari kulikuwa na kindege cha manjano, kidogo kama punje ya mchele, kimesimama pale. Ukikitazama kwa subira unaona kinasogea.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye yeye. Amekwenda kilomita elfu saba na mia nane. Amebakiza elfu sita na mia nane."

Alikiangalia muda mrefu. Vichwa vyote vikaja juu ya meza, pamoja na cha Mjomba, aliyetangaza kwamba mzigo umekaa sawa, ndege haijainama hata kidogo. Baba hakuuliza tena kuhusu jana na leo. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayerudisha kitu alichokiazima, "Kumbe ulikuwa sahihi Jumanne."

"Ndiyo, Baba."

"Na ukaharibu Jumamosi."

"Ndiyo, Baba."

Akageuza ile karatasi yenye hesabu, akachora mistari ya ratiba. Aliichora kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa bado umefumba. "Kuanzia saa kumi na dakika arobaini na tano, mpaka saa sita na dakika arobaini usiku. Ni saa nane kasoro dakika tano. Wageni hawapangwi. Zamu ni ya watu wa nyumbani. Mimi, mama yao, na huyu." Huyu nilikuwa mimi. Akasita. "Watu watatu. Itawaelemea."

Ndipo mchumba wangu, ambaye tangu aingie alikuwa amesema "shikamoo" na "asante" tu, akakohoa. "Mzee, mimi naweza."

"Unaweza nini?"

"Kukaa zamu."

"Hii si lifti, kijana. Huwezi kubonyeza ikaja."

"Najua, mzee. Lakini lifti ikikwama watu wakiwa ndani, mimi ndiye ninayeitwa. Wakati mwingine kifaa hakipo, kinafuatwa mbali. Basi nakaa nje ya mlango naongea nao, wasiogope. Kuna mara nilikaa saa kumi na moja. Walikuwa mama na mwanawe, ghorofa ya sita na ya saba, katikati."

"Ulikula?" Baba akauliza haraka.

"Hapana, mzee."

"Kwa nini?"

Mchumba wangu alionekana kushangaa swali. "Wao walikuwa hawajala."

Baba alimtazama kwa muda ambao naweza kuwaambia haukuwa chini ya dakika moja, maana kwetu saa ipo ukutani. Kisha akainama, akaandika. Mkunga akanyoosha shingo kusoma karatasi kichwa chini miguu juu.

"Umemwandika mwanangu?"

"Nimemwandika. Kuanzia saa mbili na nusu mpaka saa nne na nusu."

"Na ulisema wageni hawapangwi."

"Hawapangwi," akasema Baba bila kuinua macho.

Mkunga akatoa kiganja juu ya bakuli. Akanitazama, akamtazama mwanawe, akamtazama Mama, ambaye tayari alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, na akaachia kigelegele kimoja kifupi, kikali, kilichomfanya Mjomba amwage mchuzi kwenye shati.

"Mimi niacheni," akasema Mjomba akijipangusa. "Nimeamka saa nane usiku. Na mimi ni upande wa mama tu."

"Zamu ya kwanza," Baba akasoma kwa sauti ya stendi, "ni ya aliyetufikisha hapa." Akanielekeza kwa kalamu kiti kilichokuwa dirishani. "Kuanzia sasa mpaka saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Hali, hageuki."

"Baba, ni posa yangu!"

"Nani kakwambia si yako? Kaa."

Nikakaa, mgongo kwa watu, simu magotini. "Unamwona?" Baba akauliza. "Namwona." "Anasogea?" "Anasogea, Baba." Nikasikia kiti chake kikivutwa karibu na meza, na baada ya muda, polepole, nikasikia anatafuna. Mama alivuta kamasi. Nilishukuru kwamba sikutakiwa kugeuka.

Kisha kelele zikarudi. Vijiko, mifupa, Mjomba akiomba mapaja. Harufu ya kuku ilinipita juu ya bega ikaenda dirishani. Mchumba wangu alijaribu kunipitishia kipande kwa siri, Mkunga akampiga mkono. "Aliye zamu halishwi. Mwachie mwenzio kazi yake."

"Imefika kilomita ngapi?" Baba akapaza sauti.

"Elfu nane na sabini."

"Vizuri. Andika."

Wakaanza kujadili mwezi wa harusi. Mkunga alitaka wa sita, Mama akasema wa nane, mvua zimeisha. Baba akasema wa saba, Jumamosi ya pili, saa nne na dakika kumi. Wakabishana juu ya zile dakika kumi. Mwishowe Mkunga akasema basi, tumuulize mwenyewe.

"Binti," akaniita Baba. "Wa saba, Jumamosi ya pili. Unasemaje?"

Nikaanza kugeuka.

"Usigeuke!" wakasema wote kwa pamoja, mchumba wangu akiwa wa kwanza.

Basi nikakubali kuolewa nikiwa nimewapa mgongo, tumbo likinguruma, macho kwenye maji ya buluu ambayo hayakuwa na kitu kingine isipokuwa Shangazi.